ALMA, Webb au CRIRES+: uchague ipi kusaka molekuli kwenye diski zinazozaa sayari

Tuseme una nyota changa unayoifuatilia. Imezungukwa na diski ya gesi na vumbi, na unataka kujua gesi hiyo ina molekuli gani. Maji yapo? Kaboni imekaa katika umbo lipi? Methanoli je? Data inayopatikana leo hutoka hasa kwenye milango mitatu. Wa kwanza ni ALMA, antena 66 za mawimbi ya milimita kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Wa pili ni darubini ya anga ya James Webb, hasa kifaa chake kiitwacho MIRI, kinachosoma infraredi ya kati. Wa tatu husahaulika sana, nao ni spektrografu za infraredi, vifaa vya kutenganisha mwanga rangi kwa rangi, zilizofungwa kwenye darubini kubwa za ardhini, kama CRIRES+ ya VLT huko Paranal, Chile, au NIRSPEC ya Keck kule Maunakea, Hawaii.

Wengi huchagua kwa jina. Webb ndiyo mpya, Webb ndiyo inayotajwa kwenye habari, basi tuombe Webb. Kwa maoni yangu huo ni mwanzo mbaya. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, ila hapa asiyechagua jembe anaweza kurudi mikono mitupu. Zipo molekuli ambazo ALMA haitaziona hata ukiipa mwezi mzima, na zipo sehemu za diski ambazo MIRI haizifikii kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza darubini ipi, jiulize mawili: molekuli yangu hutoa mwanga wa namna gani, na hukaa wapi kwenye diski?

Inayozunguka na inayotikisika

Molekuli ya gesi baridi huzunguka. Kila inaposhuka ngazi moja ya mzunguko hutoa wimbi lenye masafa yake maalumu, na kwa molekuli nyingi ndogo wimbi hilo huangukia kwenye milimita. Kaboni monoksidi, yaani CO, hulia kwenye gigahezi 230.538 ikishuka kutoka ngazi ya pili hadi ya kwanza, na 345.796 ikishuka kutoka ya tatu hadi ya pili. Namba hizi zimepimwa maabara kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba ukiona mstari mahali pake, huna haja ya kubahatisha ni nani.

Lakini kuna sharti. Ili mzunguko utoe wimbi, molekuli lazima iwe na upande mmoja wenye chaji chanya kidogo na mwingine hasi kidogo. CO inayo hali hiyo kwa uchache, sianidi ya hidrojeni (HCN) inayo kwa wingi, maji na methanoli pia. Kaboni dioksidi haina. Asetilini haina. Methani, ethani, benzini, zote zimejipanga kwa ulinganifu kamili, na kwa antena za ALMA ni kama hazipo. Hapo hakuna suala la kuongeza muda wa kutazama. Mstari wenyewe haupo.

Molekuli hizo hizo zikipata joto hutikisika. Asetilini ikijipinda, ule ulinganifu huvunjika kwa kitambo, na mwanga hutoka kwenye mikromita 13.7. HCN hujitokeza kwenye 14.0 na kaboni dioksidi kwenye 15.0. Hilo ni eneo la MIRI, inayosoma kuanzia mikromita 4.9 hadi karibu 28. Gharama yake ni kwamba mtikisiko unahitaji gesi ya mamia ya kelvini, na gesi ya namna hiyo iko karibu na nyota tu.

Kwa hiyo kama swali lako linahusu kaboni dioksidi au hidrokaboni zenye ulinganifu, uchaguzi umeshafanyika wenyewe. Funga ukurasa wa ALMA uende kwa Webb. Kama ni methanoli au etha ya dimethili, elekea upande wa pili.

Hidrojeni ndiyo yenye kinaya kuliko zote. Sehemu kubwa ya uzito wa diski ni H2, na H2 ina ulinganifu, kwa hiyo haina mstari wowote wa milimita. Ina mistari dhaifu ya infraredi, mmoja kwenye mikromita 17.03, inayotoka kwenye gesi vuguvugu na si ile baridi iliyo nyingi. Ndiyo maana kila anayetaka kupima uzito wa diski hupita njia ya mkato, na nitarudi kwenye hilo baadaye.

Karibu na nyota au mbali nayo

Diski moja ina nchi mbili ndani yake. Kwenye umbali unaofanana na wa Dunia na Jua, au mara chache zaidi ya hapo, gesi ni ya mamia ya kelvini, na huko ndiko sayari za mwamba hukusanyika. Nenda mara 50 au 100 ya umbali huo: katikati ya diski pana joto la kelvini 20 au chini yake, CO yenyewe imeganda juu ya punje za vumbi, na eneo ni kubwa mno.

ALMA ni bingwa wa nchi ya mbali. Diski nyingi zilizo karibu nasi ziko umbali wa miakanuru 450 hivi, na kwa umbali huo sehemu moja ya kumi ya sekunde ya duara (sekunde moja ya duara ni 1/3,600 ya digrii) ni mara 14 ya umbali wa Dunia na Jua. ALMA inafika hapo kwenye mistari ya gesi bila kutoka jasho sana. Kwa hiyo inakupa ramani halisi: CO iko hapa, HCN imejikunja kuwa pete pale, na kule gesi imepungua.

Hapa pana mtego unaowakamata wengi. Ile picha maarufu ya HL Tauri ya mwaka 2014, yenye pete nyembamba kama zimechorwa kwa bikari, ni picha ya vumbi. Vumbi hung'aa kwenye masafa yote, kwa hiyo unakusanya mwanga wa upana mkubwa. Mstari wa molekuli ni mwembamba, na ukiugawa kwenye picha yenye ukali kama ule, kila kipande kinabaki na mwanga kidogo hadi unazama kwenye kelele. Kwa molekuli dhaifu, picha yenye ukali wa 0.3 ya sekunde ya duara mara nyingi ina faida kuliko ya 0.03. Ukipekua hifadhi ya data na kukuta diski yako imepigwa kwa ukali wa kutisha, usishangilie kabla hujaangalia kama mistari imeonekana.

MIRI haitoi ramani ya namna hiyo. Kioo cha Webb kina upana wa mita 6.5, na kwenye mikromita 15 ukali wake ni karibu nusu sekunde ya duara. Kwenye diski ya miakanuru 450 hiyo ni zaidi ya mara 70 ya umbali wa Dunia na Jua, wakati gesi inayong'aa kwenye infraredi iko ndani ya mara chache tu. Unachopata ni nukta moja na spektra yake, yaani mwanga wake uliotenganishwa rangi kwa rangi. Mahali ilipo gesi unapakisia kwa joto: mistari inayohitaji nishati kubwa hutoka karibu na nyota, ile ya nishati ndogo hutoka nje kidogo.

Lipo na jambo la kina. Kwenye infraredi vumbi ni pazia zito, kwa hiyo MIRI huona tabaka la juu la diski ya ndani tu. Kiasi cha maji unachosoma ni kile kilicho juu ya pazia. Kikitofautiana kati ya nyota mbili, huenda maji ndiyo yanatofautiana, na huenda ni vumbi lililotua. Makala nyingi za habari huruka hapo.

Mlango wa tatu, na kwa nini usiudharau

Gesi iliyo umbali wa Dunia na Jua kutoka kwenye nyota kama Jua huzunguka kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde. MIRI inatenganisha rangi kwa kiwango cha 1,500 hadi 3,500, na hicho kwa lugha ya kasi ni kama kilomita 100 kwa sekunde au zaidi. Mstari wote wa maji, upande unaotujia na upande unaotukimbia, huangukia kwenye kidoti kimoja au viwili. Mwendo umepotea.

CRIRES+ hufikia kiwango cha 100,000, yaani kilomita 3 kwa sekunde. Ukielekeza kwenye CO ya mikromita 4.7, mstari mmoja hufunguka kuwa umbo lenye vilele viwili, na kutoka kwenye upana wake unajua gesi inaanzia umbali gani kutoka kwenye nyota. Hapo hukisii kwa joto, unasoma kwa mwendo. Webb haikupi hilo. Isitoshe, MIRI inaanzia mikromita 4.9, hivyo inakamata mkia tu wa ukanda huo wa CO.

Udhaifu wake unajulikana. Angahewa yetu nayo ina CO na maji, kwa hiyo mstari wa nyota unaweza kufunikwa na mstari wa hewa iliyo juu ya darubini. Wenye uzoefu huchagua wakati wa mwaka ambapo mwendo wa Dunia kuzunguka Jua unausogeza mstari wa nyota pembeni ya ule wa hewa. Halafu nyota iwe angavu kiasi; nyota ndogo hafifu ambazo Webb inazisoma kwa raha, ardhini zinatoka kapa. Mimi ningeichagua CRIRES+ kwa swali moja mahususi, nalo ni gesi ya ndani inakwendaje. Humo kuna swali la upepo: je, gesi inazunguka tu, au sehemu yake inapeperushwa kuondoka kwenye diski? Kwa kuorodhesha molekuli nyingi kwa mkupuo, hapana.

Kwa upande wa milimita pia yupo mwenzake ALMA asiyetajwa sana, NOEMA, yenye antena 12 za mita 15 kwenye Plateau de Bure katika Alpi za Ufaransa. Ukali wake ni mdogo kuliko wa ALMA, ila nyota za kaskazini ya mbali anazipata yeye. Kwa diski za Lupus na Chamaeleon, usijisumbue naye.

Data ikiwa mkononi

Data ya ALMA ni mchemraba: pande mbili ni anga, upande wa tatu ni kasi. Ukiupitisha mstari wa CO kasi kwa kasi, unaona bawa la diski likianza upande mmoja, likizunguka katikati, likiishia upande wa pili. Mara ya kwanza kuona hivyo, mtu hawezi kuacha kurudia.

Molekuli dhaifu haina bawa la kuonekana. Hapo inakuja mbinu ambayo naiona ndiyo yenye akili kuliko zote kwenye kazi hii. Kwa kuwa diski huzunguka kwa sheria ya Kepler, na uzito wa nyota na mwinamo wa diski tayari unaujua kutoka kwenye CO, unajua pia kila kipande cha diski kina kasi gani kuelekea kwetu. Basi unachukua spektra ya kila kipande, unaisogeza kwa kiasi hicho hicho ili zote ziwe kwenye sifuri, kisha unazijumlisha. Kelele hujifuta zenyewe kwa kuwa hazina mpangilio. Mstari halisi hurundikana. Mstari usioonekana kwenye kipande chochote kimoja unaweza kuchomoza wazi baada ya jumla. Programu huria ya GoFish hufanya hivyo kwa mistari michache ya amri.

Methanoli ya TW Hydrae, diski iliyo umbali wa miakanuru 196 tu, ilitangazwa mwaka 2016 na Catherine Walsh na wenzake, na hata kwa ujirani huo walilazimika kujumlisha mistari kadhaa ndipo ionekane.

Data ya MIRI ni mkondo mmoja wa vilele mamia vilivyobanana. Kati ya mikromita 13 na 16 unakuta asetilini, HCN na kaboni dioksidi zikiwa zimesimama, na mistari ya maji imetapakaa katikati yao yote. Huwezi kupima HCN kabla hujaondoa maji, na huwezi kuondoa maji kabla hujajua yana joto gani. Kawaida mtu huunda gesi ya kubuni yenye joto moja, wingi mmoja na eneo moja, huilinganisha na data, huiondoa, kisha huhamia kwa molekuli inayofuata. Shida ni kwamba gesi nyingi kwenye eneo dogo inaweza kufanana na gesi haba kwenye eneo kubwa. Isotopu, yaani atomi ya aina ile ile yenye uzito tofauti, husaidia: kwenye diski ya GW Lupi kuonekana kwa kaboni dioksidi yenye kaboni-13 kulionyesha kwamba ile ya kawaida ni nene kiasi cha kujiziba yenyewe.

Na kabla ya hayo yote kuna mawimbi ya uongo. Mwanga hurukaruka ndani ya kigunduzi cha MIRI na kuacha vipandio vya juu na chini kwenye spektra, vinavyofanana kwa kuudhi na mistari ya kweli. Kundi la JDISCS liliamua kutumia asteroidi kama kipimo: spektra yake haina mistari myembamba, kwa hiyo mawimbi yanayoonekana humo ni ya kifaa, na unaweza kuyagawanya yatoke kwenye data ya nyota yako. Ukichukua spektra za hifadhi zilizosafishwa kwa njia ya kawaida tu, kuwa mwangalifu na kila kilele kidogo.

Swali kwa swali

Nianze na maji, kwa sababu ndiyo yanayoulizwa zaidi. Kwa mvuke wa ndani, Webb haina mpinzani. Spitzer, darubini ya anga ya infraredi iliyoitangulia, ilishafungua njia. Mwaka 2008 John Carr na Joan Najita walionyesha maji, HCN, asetilini, kaboni dioksidi na OH kwenye diski ya AA Tauri, kwa kiwango cha 600 tu cha kutenganisha rangi, ambapo mistari mingi ilikuwa imeungana kuwa vilima. MIRI iliitenganisha. Ndipo mwaka 2023 Andrea Banzatti na wenzake wakaweza kuona kwamba diski fupi zina ziada ya maji ya baridi kiasi, karibu na joto ambalo barafu hugeuka mvuke, kuliko diski kubwa zenye pete. Maelezo yanayoingia akilini ni kokoto za barafu: kwenye diski fupi zinaserereka hadi ndani na kuyeyuka, kwenye diski kubwa pete zinazinasa njiani. Angalia lakini nani alijua diski ipi ni fupi na ipi ina pete. ALMA.

ALMA nayo hupata maji, kwa masharti. Angahewa yetu huzuia sehemu kubwa ya mistari hiyo, kwa hiyo hutafutwa isotopu zake, au nyota yenye mlipuko wa joto. V883 Orionis ni ya aina hiyo. Mlipuko wake umesukuma mpaka wa barafu mbali na nyota, na mwaka 2023 John Tobin na wenzake wakapima humo maji mazito dhidi ya maji ya kawaida, jambo linalotuambia kama maji ya diski yalirithiwa kutoka kwenye wingu lililotangulia. Kwa swali la asili ya maji ningechagua ALMA bila kusita. Kwa swali la maji yako wapi kwenye eneo la sayari za mwamba, Webb.

Kaboni ni ya Webb, na hapo imetushangaza kweli. ISO-ChaI 147 ni nyota ndogo mno, ina 0.11 tu ya uzito wa Jua, na mwaka 2024 Aditya Arabhavi na wenzake waliripoti humo molekuli 13 za kaboni, zikiwemo ethani na benzini. Mwaka uliotangulia, diski ya nyota nyingine ndogo ilionekana kuwa na asetilini nyingi kiasi kwamba mistari yake imeungana na kuwa nundu pana kwenye mikromita 7.7 na 13.7. Karibu zote hizo, kwa ALMA, ni kimya kitupu. Hata hivyo ALMA ina C2H, kipande cha asetilini kilichopoteza ulinganifu, ambacho huonyesha wapi kwenye diski ya nje kaboni imezidi oksijeni.

Molekuli kubwa zenye oksijeni, zile zinazohusishwa na kemia ya uhai, ni za ALMA. Nashanty Brunken na wenzake walipata etha ya dimethili, atomi tisa, kwenye diski ya IRS 48 mwaka 2022. Huko vumbi limekusanyika upande mmoja, na barafu yake inapigwa na joto.

Barafu yenyewe, kabla haijawa mvuke, ni kazi ya Webb tena, ila kwa NIRSpec (kifaa chake kingine, si NIRSPEC ya Keck) na kwa diski zinazoonekana ubavuni, ambapo mwanga wa nyota hupita ndani ya diski na barafu huacha vivuli vyake: maji kwenye mikromita 3, kaboni dioksidi 4.27, CO 4.67. HH 48 NE ndiyo mfano wa kuanzia.

Uzito wa gesi unaumiza kichwa. Herschel, darubini ya anga, kabla heliamu yake ya kupoozea haijaisha mwaka 2013, ilikamata HD, yaani hidrojeni yenye deuteri (hidrojeni nzito), kwenye mikromita 112 katika TW Hydrae. HD haina ulinganifu kamili, kwa hiyo hutoa mstari na hufuatana na H2 moja kwa moja. Uzito uliopatikana ulikuwa zaidi ya mara kumi ya ule unaotokana na CO. Maana yake CO imepungua kwenye gesi kuliko kuganda pekee kunavyoeleza, na kila uzito uliopimwa kwa CO peke yake una shaka. Kati ya darubini tatu za makala hii, hakuna hata moja inayosoma mikromita 112. Kinachobaki ni ALMA kupima CO pamoja na N2H+. Molekuli hii ya pili huharibiwa na CO, kwa hiyo hustawi pale CO ilipotoweka. Mwaka 2013 Chunhua Qi na wenzake waliitumia kuonyesha ukingo wa CO iliyoganda kwenye TW Hydrae, mara 30 hivi ya umbali wa Dunia na Jua. Mradi wa AGE-PRO umefanya jozi hiyo kwa diski 30. Ukitaka uzito, usikubali mstari mmoja.

Kama unaanza na huna muda wa darubini

Wengi wetu hatutapewa saa hata moja ya Webb. Kwenye mzunguko wake wa nne yalifika maombi zaidi ya 2,300, na saa zilizoombwa zilikuwa karibu mara tisa ya zilizopo. Habari njema ni kwamba data nyingi hufunguliwa kwa wote baada ya mwaka mmoja, za ALMA kwenye hifadhi yake na za Webb kwenye MAST, na kuzipakua hakulipiwi.

Tofauti kubwa ni uzito wa mafaili. Data ghafi za ALMA kwa diski moja zinaweza kufika mamia ya gigabaiti, na kuzisafisha kwa CASA, programu ya kuchakata data hizo, kunahitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha na subira ya kutosha zaidi. Spektra ya MIRI iliyokwisha kuchakatwa ni faili dogo unaloweza kulifungua kwenye kompyuta yoyote ya mkononi. Mwenye intaneti ya kusuasua ningemwambia aanze na MIRI, au achukue picha zilizokwisha kuandaliwa za mradi wa MAPS, ambao ulitoa ramani za molekuli nyingi kwa diski tano: IM Lup, GM Aur, AS 209, HD 163296 na MWC 480. Ramani hizo zimesafishwa kwa uangalifu kuliko utakavyoweza peke yako mwaka wa kwanza.

Lakini wepesi wa faili usikudanganye kuhusu wepesi wa tafsiri. Ramani ya ALMA inakuonyesha kosa lako: kama umekosea mwinamo wa diski, bawa halikai mahali pake. Spektra ya MIRI itakubali karibu kila gesi ya kubuni utakayoipa, na itakuacha ukiamini. Kwa mwanafunzi asiye na msimamizi wa karibu, ningechagua MAPS kwanza.

PDS 70, pale uchaguzi unapogeuka kuwa jozi

PDS 70 iko umbali wa miakanuru 370 hivi, na ndani ya pengo la diski yake zimepigwa picha sayari mbili zinazoendelea kukua. ALMA imeorodhesha molekuli za diski ya nje, na imeona hata vumbi linaloizunguka sayari ya pili, PDS 70 c. Kila mtu angetarajia diski ya ndani iwe kavu, kwa kuwa sayari mbili zimekaa njiani zikizuia vitu visipite. Mwaka 2023 Giulia Perotti na wenzake wa mradi wa MINDS waliisoma kwa MIRI na kukuta mvuke wa maji kwenye eneo la sayari za mwamba.

Ama gesi yenye maji inapenya pengo kutoka nje, ama maji hutengenezwa huko huko na kujikinga yenyewe dhidi ya mionzi ya nyota. MIRI haiwezi kuamua, kwa sababu haioni pengo. ALMA inaona gesi ndani ya pengo, ila haioni mvuke ule wa ndani. Kwa maswali ya namna hii ALMA ilianza, kwenye mzunguko wake wa 10, kupokea maombi ya pamoja na Webb, VLA (darubini ya redio ya Marekani) na VLT: unaandika ombi moja, linajadiliwa mara moja, na likipita unapata muda kwenye darubini zote ulizoomba. Sharti ni kwamba ueleze kwa nini data ya upande mmoja haitatosha.